Chuma Kikipandisha Kreta, Kipe Pumzi

Tuongee ishu ya ndinga kiukweli. Karatu ya sasa hivi, kila kijiwe cha mafundi utakuta stori ni ileile: nani kafungua ekzosi, nani katoa masega ya kusafisha moshi, nani akipita barabara kuu watu wanageuza shingo. Mlio umekuwa ndo cheo. Chalii akishika mkwanja wa msimu wa wageni, anakimbilia fasta kwa mchomeleaji akafungiwe bomba nene. Mimi mzuka wa magari ninao kinoma, na sauti ya chuma kikiamka alfajiri inanipa raha ya kweli. Lakini kwa barabara yetu hii, toka Mto wa Mbu mpaka ukingo wa kreta ya Ngorongoro, pesa ya kwanza iende puani kwa gari. Bomba la nyuma lina zamu yake, tutafika huko.

Cheki ramani kwanza. Mto wa Mbu ipo kama mita 1,000 juu ya bahari. Unapiga zile kona za ukuta wa Bonde la Ufa, Ziwa Manyara unaliacha chini kushoto, unapita Rhotia, unatua Karatu kwenye mita 1,500 hivi. Ukivuka lango la Lodoare la kuingilia Ngorongoro, msitu unakufunika na barabara inaendelea kupanda, kona juu ya kona, hadi ukingoni kwenye mita 2,300 na kitu. Ndani ya asubuhi moja umempandisha mnyama wako mita 1,300, na abiria wamejaa.

Kila unavyopanda, hewa inazidi kuwa nyepesi. Ukichukua mgandamizo wa hewa wa pale Dar baharini, Karatu mjini umebakiwa na kama asilimia 84 yake. Ukingoni kwa kreta ni kama asilimia 76. Robo nzima ya hewa imekatika, na dizeli haiungui bila hewa. Hapo ndo mchezo wote ulipo. Watu wa huku miili yetu ilishazoea. Mkimbiaji Filbert Bayi ni mtoto wa Karatu, na mwaka 1974 kule Christchurch, New Zealand, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, akiwa ameongoza toka mwanzo mpaka mwisho. Mwili uliokulia juu unajiongeza wenyewe, unatengeneza damu ya kubeba ile hewa kidogo iliyopo. Injini haina ujanja huo. Inapewa ilichopewa, basi.

Sasa njoo kwa chuma kinachoubeba utalii wa huku mgongoni: Land Cruiser yenye injini ya 1HZ. Silinda sita, lita 4.2, dizeli, haina tabo, haina makompyuta ya kuzingua, ipo kazini toka mwaka 1990. Kiwandani inatoka na nguvu za farasi karibu 130. Ukiifikisha ukingoni, kwa hesabu ya hewa iliyobaki, unaendesha farasi kama 100 tu. Na farasi hao 100 wanavuta bodi iliyokatwa na kurefushwa, paa la kuinuka, wageni sita au saba, mabegi, friji la vinywaji, spea mbili nyuma na dizeli ya siku nzima. Ndo maana unaona dereva mzoefu kashuka gia mapema kabla ya kona, hapapatiki. Anajua hana akiba.

Na ule moshi mweusi unaouona kwa jamaa wanaokandamiza mafuta kule msituni, ule si nguvu, ni njaa ya hewa. Pampu inamimina dizeli ileile kama vile ipo Mto wa Mbu, wakati hewa ya kuichoma imepungua. Dizeli ambayo haijaungua inatoka nyuma ikiwa masizi. Umeilipia pale sheli, haijakusogeza hata hatua moja, na imekuachia joto kwenye vichwa vya pistoni. Chalii akiringa na moshi mweusi, mwambie kishkaji kwamba hela yake inapaa.

Hiyo ni nusu ya kimeo. Nusu nyingine ni vumbi. Injini ya lita 4.2 ikizunguka mara 2,000 kwa dakika inataka kumeza kama lita 4,000 za hewa kila dakika. Ukifanya kazi saa nane, hesabu inakaribia lita milioni mbili kwa siku. Sasa fikiria ni hewa gani hiyo: hewa ya Agosti, kwenye msafara wa magari, kuelekea Olduvai na lango la Naabi, pale ambapo gari ya mbele huioni, unaliona wingu lake tu. Na vumbi letu si la mchezo. Nyanda zile zimejengwa na majivu ya volkano za nyanda za juu za Ngorongoro, na Ol Doinyo Lengai bado yuko hai, alitema majivu mwaka 2007 na 2008. Majivu ya volkano yana chembe kali zenye asili ya glasi. Zikipenya filta zinageuka msasa kati ya ringi na ukuta wa silinda. Injini haitakuambia siku hiyo. Itakuambia baadaye, inapoanza kula oili, inapopumua moshi wa bluu, inapogoma kuwaka asubuhi ya baridi pale ukingoni huku wageni wamekaa wamejikunja na makoti. Hapo unashusha injini, na msimu umeenda.

Kwa hiyo mod ya kwanza kwa ndinga ya huku ni ea klina iliyo sawa. Najua haina mvuto wa kupiga picha. Lakini ndo inayolipa. Nunua filta ya karatasi ya ukweli, kutoka duka linaloaminika, maana feki zimejaa sokoni na zinafanana na halisi mpaka unashika mbili mkononi ndo unagundua karatasi ya moja ni laini na mikunjo yake michache. Ukishaipata, cheki ile pete ya mpira inayoziba. Filta nzuri ikikaa upande ni sawa na huna filta. Boksi lake likiwa na ufa, klipu moja ikiwa imelegea, au ule mpira unaoenda injini ukiwa umepasuka kwenye mikunjo, vumbi linapita pembeni bila kugusa karatasi. Australia, ambako Land Cruiser zinateswa kwenye jangwa, zile V8 za dizeli za mwanzo, 1VD-FTV, zilipigiwa kelele sana kwa jambo hilihili: vumbi kupenya kwenye kifuniko cha boksi na kumaliza injini. Injini ya bei mbaya iliuliwa na mpira wa kuzibia.

Kuna kipimo cha bure ambacho kila suka anapaswa kukijua. Fungua mpira wa hewa baada ya filta, pitisha kidole au kitambaa cheupe ndani. Kikitoka safi, upo fresh. Kikitoka na unga mwekundu au wa kijivu, acha safari, tafuta panapovuja. Usijidanganye kwamba ni kidogo.

Halafu kuna tabia ya kupiga filta kwenye tairi ili vumbi lidondoke. Wana, acheni. Ile karatasi inapasuka kwenye mikunjo kwa nyufa ambazo jicho halioni. Na upepo wa kompresa ukiupiga kwa nguvu zote, tena toka nje kwenda ndani, unalisukuma vumbi liingie kabisa kwenye nyuzi. Kama lazima usafishe, puliza kwa upole toka ndani kwenda nje, mdomo wa mpira ukiwa mbali kidogo, kisha ingiza tochi ndani ya filta kwenye giza. Ukiona nukta ya mwanga inapenya, hiyo imekufa, tupa. Filta za kusafishwa zina kikomo chake, haziishi milele.

Na cha kushangaza wengi: filta ikishika vumbi kidogo inachuja vizuri zaidi kuliko ikiwa mpya kabisa, kwa sababu lile vumbi linasaidia kuziba matundu makubwa. Kwa hiyo kuifungua kila jioni kuipuliza si lazima liwe jambo jema. Kila ukifungua, unaweza kumwaga vumbi upande safi. Njia ya kisomi ni kupima. Chukua mpira mwembamba wa plastiki unaoona ndani, ukunje kama herufi U, tia maji, unganisha mdomo mmoja kwenye njia ya hewa baada ya filta. Injini ikiwa kwenye kazi kubwa, angalia maji yamepandiana kwa sentimita ngapi. Kwa dizeli nyingi zisizo na tabo, tofauti ikikaribia sentimita 50, filta imeshaziba, badilisha. Gharama ya kipimo hicho ni buku chache, na kinamaliza ubishi wote wa kijiweni.

Baada ya hapo, snokeli. Watu wengi wanadhani ile pua inayopanda pembeni ya kioo ni kwa ajili ya kuvuka mito. Inasaidia huko kweli, ila kwa barabara yetu kazi yake kubwa ni vumbi na joto. Vumbi zito linakaa chini, usawa wa matairi na boneti. Ukivuta hewa toka usawa wa paa, unavuta hewa yenye vumbi pungufu, na filta inaishi muda mrefu. Juu yake unaweza kufunga lile bakuli la kuzungusha hewa: upepo unazunguka, chembe nzito zinatupwa pembeni, zinabaki kwenye bakuli, wewe jioni unamwaga. Kwa gari inayokula vumbi la Naabi kila wiki, hilo bakuli ni bonge la mchongo. Wale wenye kichwa cha snokeli kinachotazama mbele, mkiwa kwenye msafara kizungusheni kitazame nyuma. Kwa mwendo wetu wa huku hupotezi chochote cha maana, na unakwepa kumeza vumbi la mwenzio moja kwa moja.

Wanaopenda mashindano wanalijua hili toka zamani. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na miaka ya 1966 na 1967 ilibebwa na Bert Shankland, dereva aliyekuwa anaishi hapa Tanzania, akiwa na Chris Rothwell ndani ya Peugeot 404. Fikiria hiyo: gari ya familia, barabara za udongo za Afrika Mashariki, na ushindi mara mbili mfululizo. Miaka ya 1990 timu kubwa zilipokuja na mamilioni yao, nazo zilifunga pua pembeni ya kioo. Ile Subaru Impreza ya Colin McRae iliyoshinda mwaka 1997, ambayo machalii wengi wa Chuga wameibandika kwenye simu zao, ilikuwa na snokeli. Wewe unayeipenda Subaru yake, ipende na pua yake.

Turudi kwenye joto, maana hapa kuna nguvu ya bure imelala. Hewa ya baridi ni nzito, ina oksijeni nyingi kwa kila lita. Asubuhi ya ukungu ukingoni kwa kreta nje kunaweza kuwa na digrii 10 au 15. Ndani ya boneti, karibu na injini iliyotoka kupanda, ni digrii 60 au zaidi. Gari inayonyonya hewa ya digrii 60 badala ya digrii 15 inapoteza kama asilimia 13 ya hewa yake, juu ya ile robo ambayo mwinuko umeshaichukua. Ndo maana zile filta za wazi zenye umbo la koni, ambazo machalii wanafunga kwenye Altezza, Mark II na Forester halafu wanaziacha zimekaa uchi ndani ya boneti, huku kwetu ni hasara mara mbili. Zinanyonya joto, na nyingi zinaachia vumbi jingi kuliko karatasi. Mlio wa kunyonya unakuwa mkali, ni kweli, unasikika mpaka nje. Lakini masikio yanakudanganya, gari haijaongeza kitu. Na zile za pamba zinazopakwa mafuta, ukizidisha mafuta yanaruka yanaenda kutua kwenye sensa ya hewa, taa ya cheki injini inawaka, unaanza kuzunguka gereji na msala ambao hukuwa nao.

Ukitaka kufanya kishua kwenye gari ndogo, baki na boksi lake la kiwandani, tafuta bomba linaloleta hewa toka mbele ya taa au nyuma ya grili, ziba kila upenyo wa joto. Rahisi, kimya, inafanya kazi.

Haya, sasa bomba la nyuma. Siwanyimi.

Ekzosi ina kazi ya kutoa moshi bila kuusukumiza urudi. Gari zetu za safari zina shida yake ya kipekee: bodi ikirefushwa, bomba nalo linarefushwa. Na hapo ndo magumashi yanapoingia. Utakuta kipande kimeungwa na kipande, kona zimekatwa kwa msumeno na kuchomelewa kwa pembe kali, ndani ukichungulia kuna matone ya chuma cha kuchomelea yamejaa njiani. Au bomba limekunjwa kwa mashine ya kubana mpaka pale kwenye kona limebonyea, nje unaona inchi mbili na nusu, ndani imebaki inchi mbili kasoro. Kabla hujafikiria bomba kubwa, kata hizo kona, weka zilizokunjwa bila kubonyea, linganisha viungo. Ukikutana na fundi mzuri wa kukunja, iwe Unga Limited pale Arusha au Karatu yenyewe, mlipe vizuri na umtunze.

Ukubwa sasa. Kwa 1HZ isiyo na tabo, inchi 2.5 toka mbele hadi nyuma zinatosha kabisa. Ukiweka inchi 3 kwa ajili ya sifa, mwendo wa moshi ndani ya bomba unapungua, na gari inaweza kuwa nzito kule chini kwenye mizunguko 1,500 mpaka 2,000, pale pale unapopahitaji ukipandisha toka Lerai, ndani ya kreta. Na nisiwadanganye: kwa dizeli isiyo na tabo, ekzosi peke yake haikupi farasi wa kutamba. Utahisi injini imepumua kidogo, joto limepungua kidogo, basi. Anayekuuzia ndoto ya farasi thelathini kwa bomba tu, huyo ni kanjanja.

Ila kuna upande wa ekzosi ambao watu wanaupuuza na ni hatari kuliko nguvu zote. Gasketi ya manifoldi ikipulizia, au bomba likiwa limetoboka chini ya viti, au mdomo wake umekatwa mfupi haujafika nje ya bodi, moshi unaingia ndani. Gari yenye paa lililoinuliwa na madirisha wazi inavuta hewa toka nyuma, na inavuta moshi pamoja nayo. Hewa ya sumu ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu. Mgeni analalamika kichwa kinauma, unasema ni mwinuko. Inawezekana ni mwinuko. Inawezekana pia ni bomba lako. Lisukume mdomo nje kabisa ya bodi, funga viungo, na ukisikia ule mlio wa tiki-tiki asubuhi injini ikiwa ya baridi, nenda kabadilishe gasketi siku hiyohiyo.

Jingine ni nyasi. Baada ya mvua, njia za kule Ndutu zina majani marefu katikati. Yanajikusanya juu ya bomba na sailensa, yanakauka, yanawaka. Ile kinga ya bati ambayo mafundi wanaing'oa kwa sababu inagonga kelele, irudishwe. Ukisimama kwa ajili ya chakula cha mchana, inama uangalie chini. Wakongwe wanafanya hivyo bila kuambiwa.

Wapo wanaotaka kumaliza tatizo la mwinuko moja kwa moja, wanafunga tabo kwenye 1HZ. Kwa akili ni sahihi: tabo inatumia nguvu ya moshi kusukuma hewa ndani, inakurudishia ile robo uliyopoteza na zaidi. Hapo ekzosi ya inchi 3 inapata maana, kwa sababu baada ya tabo moshi unavyotoka kirahisi ndivyo tabo inavyozunguka mapema. Lakini mjue 1HZ ilizaliwa bila tabo. Mbano wake ni mkubwa, kama 22 kwa 1, wakati ndugu yake 1HD-T aliyetoka kiwandani na tabo ni kama 18.6. Ukizidisha presha, na ukiongeza dizeli ili uone moto, hedi inapasuka kwenye vyumba vya kuwashia, pistoni zinayeyuka. Anayefunga afunge kwa adabu: presha ndogo, intakula ya kupoza hewa, na geji ya joto la moshi kabla ya tabo. Ikisoma digrii 700 kwenye mwinuko, toa mguu, shusha gia. Asiye na hela ya geji hana hela ya tabo. Hilo nalisema kwa moyo wote, kwa sababu gari ya watalii inalisha familia, haipaswi kufia njiani kwa tamaa ya mwendo.

Na mwendo wenyewe wa kwenda wapi? Kreta ina ukubwa wa kilomita za mraba 260 hivi, unashuka kwa Seneto, unapanda kwa Lerai, na kuna faru weusi kule chini ambao wageni wamevuka bahari kuja kuwaona kwa mbali, kwa darubini. Hapo gari yenye bomba la wazi ni fedheha. Mgeni amesimama kaweka kichwa nje ya paa, simba yupo mita ishirini, na wewe unawasha chuma kinachonguruma kuliko simba. Huwezi hata kumwelezea kitu, hasikii. Magari mengine matano yaliyosimama pale yanakuangalia. Sifa ya dereva wa kreta ni utulivu: anafika, anazima, anasogea bila kushtua. Sailensa nzuri ni kifaa cha kazi, sawa na darubini.

Kwa wana wa magari madogo, nyie mnaopanda toka Chuga wikiendi kula bata Karatu na Subaru na Mark II, nawaelewa. Ile ngurumo ya Forester ya tabo, inayotokana na mabomba ya manifoldi yasiyolingana urefu, ni muziki. Lakini mkitoa masega kwenye gari ya petroli ya kisasa, sensa ya oksijeni ya nyuma inagundua, taa inawaka, na moshi wa sumu unabaki na watoto wa mtaani mnaopita. Masega yanayofanya kazi hayazuii nguvu ya kutamba. Yaliyoziba ndo yanaua gari, inakosa pumzi ukifika mizunguko ya juu. Pima kwanza, ukikuta yameziba weka mengine. Na usiku wa manane punguzeni mlio, maana Karatu kuna watu wanaamka saa 10 alfajiri kuandaa magari, wapo wagonjwa, wapo wakulima waliotoka na vitunguu Mang'ola wamejilaza kwenye Fuso. Kuna kanuni za mazingira za kelele na mitetemo toka mwaka 2015, na trafiki akikukuta huna sailensa mtazungumza lugha moja. Furahia chuma chako mchana, kwenye barabara ndefu ya Makuyuni, ukiwa na akili zako timamu.

Kwa hiyo chalii yangu, msimu huu ukishika mkwanja, panga hivi. Filta mpya ya ukweli na pete yake. Mpira wa hewa usio na ufa. Snokeli ikiwezekana, na bakuli la vumbi juu yake. Gasketi ya manifoldi. Kona za bomba zisizobonyea, sailensa nzima, mdomo nje ya bodi. Hayo yote yakiwa sawa ndo uje tuongee habari ya bomba kubwa na tabo. Na leo jioni kabla hujafunga geti, fungua boneti, pitisha kitambaa cheupe ndani ya mpira wa hewa, uangalie kimetoka na rangi gani.